Sakafu inang'aa, watoto wanahara: uchambuzi wa kisa cha kaya moja

Kaya inayochambuliwa hapa ni ya mfano. Imeundwa kwa mambo ambayo mtu anayefundisha usafi wa nyumbani hukutana nayo mara kwa mara, yakakusanywa chini ya paa moja ili ionekane jinsi yanavyoshikana. Wanaishi watu sita: baba, mama, bibi, na watoto watatu wa miaka 8, miaka 4 na miezi 14. Jikoni kuna sinki na bomba moja. Choo kiko nje, hatua 15 hivi kutoka mlango wa nyuma, na bafu liko upande wa pili wa nyumba. Bomba halitoi maji kila siku, kwa hiyo maji ya kunywa huhifadhiwa kwenye ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko.

Kwa macho, nyumba hii ni safi. Sakafu hudekiwa asubuhi na jioni kwa dawa yenye harufu kali, vyombo havilali vichafu, nguo nyeupe ni nyeupe kweli. Hata hivyo, ndani ya wiki tisa kuhara kumeingia mara tatu. Kila mara familia ilijibu kwa kuongeza juhudi ileile. Dawa ya sakafu ilimiminwa maradufu. Maji ambayo yalikuwa yakitiwa klorini yakaanza kuchemshwa pia. Mtoto wa miaka 4 alipewa hata vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Hakuna kilichobadilika, na mama alikuwa amefika mahali pa kujilaumu kwamba hafanyi kazi ya kutosha. Hilo la mwisho ndilo la kusikitisha zaidi, maana kazi ilikuwa inafanyika, tena nyingi. Ilikuwa tu haiangukii mahali ambapo ugonjwa unapita.

Tarehe kwanza, ufagio baadaye

Kabla ya kubadilisha chochote, ziandikwe siku ambazo kila mmoja alianza kuugua. Katika kaya hii mpangilio haukubadilika: anaanza mdogo wa miezi 14, baada ya siku mbili hivi anafuata wa miaka 4, kisha bibi au mama siku ya nne au ya tano. Wa miaka 8 aliugua mara moja tu. Baba, anayekula nje mchana lakini hunywa maji ya ndoo ileile asubuhi na usiku, hakuugua kabisa.

Watu wanaokula chakula kimoja kibovu, au kunywa maji machafu ya chombo kimoja siku moja, mara nyingi huangukia kitandani kwa kukaribiana. Hapa wanaangushana kwa zamu. Zamu hiyo inaonyesha kwamba ugonjwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ndani ya nyumba, na kwamba mlango wake ni mtoto ambaye bado anatumia poti na nepi na anayetia kila kitu mdomoni. Ni dalili, si ushahidi kamili. Mtu mzima anaweza kuambukizwa asione chochote kwa sababu ya kinga aliyojijengea. Lakini inatosha kutuambia tuanze kutazama wapi.

Mchoro wa njia za uambukizo uliochapishwa mwaka 1958 na Wagner na Lanoix kupitia Shirika la Afya Duniani bado ndio chombo bora cha kazi hii. Kinyesi kiko upande mmoja na mdomo upande wa pili. Katikati kuna vidole, inzi, maji, udongo na chakula. Kiasi kinachohitajika kuvuka ni kidogo mno. Bakteria wa shigela, wanaoleta kuhara damu, wanaweza kumwangusha mtu hata kwa idadi ya kati ya 10 na 100, yaani uchafu usioonekana kwenye ukucha. Kwa sababu hiyo, kung'aa kwa sakafu hakutuambii lolote kuhusu vidole.

Siku moja ya kutazama

Njia ya kutazama ni kukaa na familia tangu alfajiri hadi usiku na kuandika mambo mawili tu: kila mara mkono unapoweza kugusa kinyesi, na kila mara mkono unapokwenda kwenye chakula au mdomo. Mengine yote yaachwe. Kwa mama wa kaya hii siku moja ilitoa nyakati 14 zilizodai sabuni: kutoka chooni, kumtawaza mdogo, kubadilisha nepi, kumwaga poti, kuanza kupika, kula, kumlisha mtoto. Sabuni ilitumika mara 4. Mara 7 mikono ilisuuzwa kwa maji matupu, na mara 3 ilifutwa kwenye kanga au kitambaa cha jikoni.

Wote watano wanaoweza kuulizwa wanajua kwamba mikono hunawiwa kwa sabuni baada ya choo. Tatizo ni mahali sabuni ilipo. Iko bafuni, kwenye rafu ya juu, ili watoto wasiimalize kwa kuichezea. Anayetoka chooni lazima afungue mlango wa nyuma, apite jikoni, afungue mlango wa bafu, ainue mkono. Mtoto wa miaka 4 haifikii hata kwa kuruka. Jikoni kuna sabuni ya maji, lakini nyumba nzima inaamini ni ya vyombo. Katika hali hiyo hata mtu mwenye nia njema atasuuza kwa maji na kuendelea.

Kwa nini maji matupu hayatoshi? Uchafu wa kinyesi hukaa ngozini pamoja na mafuta ya mwili, na maji peke yake huteleza juu ya mafuta hayo. Sabuni huyashika mafuta, hubandua kilichong'ang'ania, na maji yanayotiririka huondoa. Kazi kubwa inafanywa na kubandua na kusuuza. Ndiyo maana beseni moja ambamo watu watano wanachovya mikono kwa zamu, hata likiwa na povu, ni sawa na kugawana uchafu. Maji lazima yamwagike kutoka juu.

Kurekebisha mikono

Hapa ndipo pa kuanzia, na kwa wiki ya kwanza pasiguswe kingine zaidi ya poti. Familia inayobadilisha mambo kumi siku moja huwa imerudi ilikotoka ndani ya siku kumi.

Ziwekwe sehemu mbili za kunawia: moja hatua mbili tatu tu kutoka mlango wa choo, nyingine jikoni pale pale chakula kinapoandaliwa. Nje kusipokuwa na bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo la lita 3 hadi 5 lenye tundu karibu na mdomo, lililoning'inizwa kwenye mti wa mlalo, na kamba inayofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono mchafu haugusi kitu. Mabaya yake yanajulikana. Tundu likiwa kubwa maji huisha baada ya watu wawili. Tundu la upana wa msumari wa kawaida linafaa. Chini pasipowekwa kokoto, panakuwa tope na watoto hupakwepa. Na bibi mwenye magoti mabovu hawezi kusimama kwa mguu mmoja akikanyaga kijiti. Yeye awekewe ndoo yenye koki juu ya kibao, kwa kimo cha kiuno. Ukisahau hilo, mtu mmoja wa nyumbani anabaki nje ya mpango, naye ndiye anayemlisha mdogo mchana.

Sabuni ya kipande ikiachwa kwenye sahani yenye maji huyeyuka, na nje huokotwa na kuku au kupotea. Itie kwenye mfuko wa wavu uliofungwa kwenye mti. Njia nyingine ni maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya lita moja na nusu ya maji, kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Haishawishi mtu kuiba, na mtoto hawezi kuimaliza kwa siku moja.

Unawaji wenyewe ufundishwe kwa mikono, si kwa maneno. Lowesha, paka sabuni, sugua kiganja kwa kiganja, mgongo wa kila mkono, katikati ya vidole, kila kidole gumba kwa kukizungusha ndani ya ngumi ya mkono mwingine, kisha ncha za vidole kwa kuzikwaruza kwenye kiganja. Kusugua peke yake kuchukue sekunde 20 angalau. Suuza kwa maji yanayotiririka. Sehemu zinazosahaulika zaidi ni vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, na bahati mbaya ncha ndizo zinazoingia kinywani. Mtoto wa miaka 4 wa kaya hii alikuwa ananawa viganja tu. Mpake mafuta kidogo mikononi, mnyunyizie unga laini wenye rangi, umwambie anawe kwa maji matupu. Atauona unga umebaki kwenye kucha. Kisha arudie kwa sabuni. Baada ya hapo hahitaji mahubiri.

Kukausha nako ni sehemu ya kunawa, kwa sababu mkono uliolowa hupokea na kuachia vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu. Taulo moja la familia linarudisha yote mikononi, na ndilo linalobeba macho mekundu na upele kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kila mtu awe na lake, au mikono ipungwe hewani hadi ikauke. Kucha zikatwe mara moja kwa wiki, fupi kabisa.

Poti

Poti ilimwagwa chooni vizuri kabisa, kisha ikasuuzwa kwenye sinki la jikoni. Dakika 20 baadaye sinki hilohilo lilioshewa vyombo vya mtoto. Ukiuliza, jibu ni kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Imani hiyo imeenea sana na si kweli: watoto huugua kuhara mara nyingi kuliko wakubwa, hivyo kinyesi chao kina uwezekano mkubwa wa kubeba vijidudu, na wengine huendelea kuvitoa siku kadhaa baada ya kupona.

Utaratibu ni huu. Kinyesi kiende chooni, na maji ya kusuuzia poti yaende chooni pia. Isuguliwe kwa sabuni na brashi ambayo haina kazi nyingine na haiingii jikoni. Mtoto akiwa anahara, imwagiwe maji ya klorini ya asilimia 0.1, iachwe dakika 10, isuuzwe, ianikwe kifudifudi juani. Kisha anawe aliyeosha, anawe na mtoto mwenyewe. Mkono wa mtoto aliyekaa kwenye poti hugusa kila mahali na ni nadra kukumbukwa. Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Klorini na hesabu yake

Dawa ya klorini ya kufulia huuzwa kwa nguvu tofauti, kwa hiyo kipimo cha kukariri humpotosha mtu. Soma asilimia kwenye chupa, igawanye kwa asilimia unayotaka, toa moja: unapata sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Dawa ya asilimia 5 ukitaka 0.1 ni sehemu 49 za maji kwa moja ya dawa, yaani mililita 20 za dawa zikiongezwa maji hadi ifike lita moja. Matapishi au kinyesi kilichomwagika kinataka asilimia 0.5: mililita 100 za dawa na 900 za maji, baada ya kukiondoa chote kwanza na kuosha kwa sabuni.

Neno «kwanza» hapo lina uzito. Klorini huisha nguvu ikikutana na uchafu. Kuimwaga juu ya kinyesi au kwenye ndoo ya maji meusi ya kudekia ni kuipoteza, na ndiyo maana kuongeza dawa maradufu hakukusaidia kaya hii. Hata jua huidhoofisha. Dawa iliyochanganywa itumike siku hiyohiyo, na chupa ikae gizani mbali na watoto. Harufu kali haimaanishi chochote kuhusu nguvu iliyobaki.

Kuna kosa moja ambalo haliachi nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki, au dawa yenye amonia. Hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo inaweza kuua. Ikitokea, usimwage kingine chochote: toka, acha mlango wazi, toa watu wote nje, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe kituo cha afya.

Vitambaa na dekio

Kitambaa cha jikoni kilikuwa kimoja. Kilifuta meza, mikono, mdomo wa mdogo, kifuniko cha sufuria, kisha kikalala kimekunjwa pembeni ya sinki, kibichi. Kwenye kitambaa chenye unyevu, joto na masalia ya chakula, bakteria kama wa E. koli wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Jioni kitambaa hicho kilikuwa kinapaka meza vijidudu badala ya kuifuta.

Viwe vitatu vya rangi tofauti: vyombo, meza, mtoto. Kila siku vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe dakika 5, vianikwe vimetandazwa hadi vikauke kabisa. Kama mtu anaweza kufanya moja tu kati ya hayo, basi akaushe. Sponji inayonuka itupwe.

Kudeki nako kulikwenda kinyume. Kulianzia chooni, «pale penye uchafu zaidi,» kukapita ukumbini na kuishia jikoni, kwa dekio moja na ndoo moja. Mtoto anayetambaa jikoni akawa anatambaa juu ya maji ya choo yenye manukato. Mpangilio sahihi ni kutoka pasafi kwenda pachafu na kutoka juu kwenda chini: jikoni kwanza, vyumba, bafu, choo mwisho, tena choo kiwe na dekio lake. Maji yakianza kuchafuka yabadilishwe. Kwa sakafu ya kawaida sabuni na maji vinatosha. Nguvu iliyokuwa inakwenda kwenye sakafu ihamie kwenye vitasa vya milango, koki, kata na kikalio cha choo, kwa sababu huko ndiko mikono inakopita.

Ndoo ya maji

Hapa familia ilijidhuru kwa bidii. Maji yaliyotiwa klorini ipasavyo hubaki na kiasi kidogo cha klorini kinachoendelea kulinda ndoo. Walipoanza kuyachemsha baada ya kuyatia klorini, joto lilifukuza ulinzi huo. Kisha kikombe kilichoshikwa kwa mkono usionawiwa kikachovya ndani mara 30 kwa siku. Kuchemsha ni njia nzuri, maji yachemke kwa nguvu dakika moja, au tatu katika nyanda za juu kupita mita 2,000, lakini hulinda mpaka pale kitu kichafu kinapoingia tena.

Wachague njia moja na kulinda chombo. Ndoo yenye koki, au dumu lenye mdomo mwembamba lisiloruhusu mkono kuingia. Kama ndoo haina koki, iwe na kata yenye mpini mrefu inayoning'inia juu, isiyonywewa wala kuwekwa chini. Ndoo ioshwe ndani kwa sabuni kila wiki. Utelezi unaosikika kwa kidole ukutani mwake ni utando wa vijidudu, na maji masafi yakimiminwa juu yake hayabaki masafi.

Chakula cha mdogo kilipikwa asubuhi na kulishwa hadi alasiri. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria hukua kwa kasi, kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kupasha moto upya, hadi kitoe mvuke kote na kupita nyuzi 70, huua wengi, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha, hasa wale wanaotoka kwenye vidole na pua, haivunjwi na moto wa jikoni. Apikiwe kidogo mara mbili, na kinachobaki kwenye bakuli alimokula kwa kijiko kisirudishwe sufuriani.

Anapougua tena

Ataugua tena, mtoto wa umri huo huugua. Kinachoweza kumpoteza ni kupungukiwa maji mwilini, na kuyarudisha kunaanza nyumbani saa ileile. Pakiti ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Isipopatikana: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua, kwa hiyo usikisie kwa kiganja. Aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha majimaji, kwa kijiko. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole. Kunyonya na kula viendelee. Zinki ya miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, hutolewa siku 10 hadi 14. Wengi huikatisha kuhara kukikoma siku ya tatu, na hapo wanapoteza kinga inayokusudiwa kwa miezi inayofuata.

Antibiotiki za kabatini hazina kazi hapa. Kuhara kwingi kwa watoto husababishwa na virusi ambavyo hazivigusi, na dozi ya kubahatisha huwafundisha bakteria kuizoea dawa. Damu kwenye choo, macho kudidimia, ulegevu, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, au kutokojoa kwa saa sita ni safari ya kituo cha afya mara moja, bila kusubiri asubuhi.

Aliyeugua asiandae chakula cha wengine hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Bibi akiwa ndiye mgonjwa, mtu mwingine amlishe mdogo. Kumwambia bibi jambo hilo kunataka heshima: mweleze kwamba mjukuu bado anaweza kuambukizwa ingawa yeye anajisikia mzima, naye atakuwa wa kwanza kukataa kushika kijiko.

Kupima kama yamefaa

Usihesabu siku zisizo na kuhara, maana mtoto akiugua wiki ya pili watu watasema kazi yote imekuwa bure. Litundikwe daftari jikoni lenye safu mbili, jina na tarehe. Kinachotafutwa ni mtu wa pili. Awali mdogo alifuatwa na wa miaka 4 baada ya siku mbili. Sasa akiugua na wiki ikapita bila mwingine kuandikwa, mnyororo umekatika hata kama kiungo cha kwanza kimetokea. Akiandikwa mwingine, tazama ni nani: wa miaka 4 akifuata, rudi kwenye sabuni ya karibu na choo na kimo chake, bibi akifuata, rudi kwenye poti na kitambaa cha mtoto, wakianguka watatu siku moja, acha mikono kwa muda, anzia kwenye ndoo na sufuria. Kando ya tarehe iandikwe pia siku kila kipande cha sabuni kilipofunguliwa. Kipande cha nje kikimaliza mwezi bado kina kona zake, hakuna anayekitumia, hata kama wote wanasema wananawa.